Nchi Kujipima Yenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu APRM, Kujitegemea na Tathmini ya Utawala Kuanzia Mtaani

Majibu haya ni kwa wakazi wa Dar es Salaam wanaotaka kuelewa namna nchi za Afrika zinavyojitathmini kiutawala, na hasa kwa vikundi vya mitaa na kata vinavyotaka kufanya tathmini yao wenyewe.

APRM ni nini?

Ni Mpango wa Afrika wa Kujitathmini Kiutawala Bora. Ulianzishwa Abuja, Nigeria, Machi 2003, chini ya NEPAD, mpango wa nchi za Afrika wa kushirikiana kwa maendeleo, na sasa ni chombo cha Umoja wa Afrika chenye sekretarieti Midrand, Afrika Kusini. Kujiunga ni hiari, na nchi wanachama sasa ni zaidi ya 40. Nchi inayojiunga inakubali mambo mawili: kujichunguza yenyewe kwa kuwashirikisha wananchi wake, kisha kukaa mbele ya wakuu wa nchi wenzake na kuulizwa kuhusu yaliyogunduliwa.

Maeneo ya awali yanayopimwa ni manne: demokrasia na utawala wa kisiasa, usimamizi wa uchumi, uendeshaji wa makampuni na mashirika, na maendeleo ya jamii. Baadaye liliongezwa la tano, uwezo wa nchi kuhimili majanga na misukosuko.

Hayo yanahusianaje na kujitegemea? Si mambo mawili tofauti?

Yanagusana kwenye fedha. Anayekupa fedha ndiye anayekuchagulia kipimo. Mkopeshaji huja na masharti na viashiria vyake, na ripoti anaiandika kwa ajili ya bodi yake. Nchi isiyo na tathmini yake inabaki kujibu maswali ya wengine, na mtumishi wa halmashauri anaishia kujaza fomu za mfadhili wakati kitabu cha mapato na matumizi ya mtaa hakijasomwa kwa wananchi.

Wazo hili si geni kwetu. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, lilionya kwamba kufanya fedha za nje kuwa msingi wa maendeleo ni kuweka uhuru rehani. Umoja wa Afrika nao ulilazimika kulikabili jambo hilohilo. Mwaka 2015, Johannesburg, ilikubaliwa nchi wanachama zilipie asilimia 100 ya gharama za uendeshaji wa Umoja, asilimia 75 ya programu zake na asilimia 25 ya operesheni za amani. Mwaka uliofuata, mkutano wa Kigali uliamua chanzo cha fedha hizo: tozo ya asilimia 0.2 kwa bidhaa zinazostahili zinazoingizwa kutoka nje ya bara. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, kwa sababu kila nchi ina sheria zake za forodha na ahadi zake za kibiashara.

Kisha ukaja mwaka 2025, Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID. Huduma zilizotegemea bajeti inayopangwa ng'ambo ziliyumba ndani ya wiki chache. Nchi iliyokuwa inajua huduma ipi inalipiwa na nani, na kwa kiasi gani, ilikuwa na pa kuanzia. Nchi isiyojua ilianza kuhesabu wakati dharura imeshafika mlangoni.

Tanzania ilijiunga lini, na ilifika wapi?

Ilitia saini Mei 2004, Bunge likaridhia Februari 2005. Tathmini ya kwanza ilijadiliwa na wakuu wa nchi Addis Ababa, Januari 2013.

Kati ya saini na kikao hicho kilipita karibu miaka tisa. Mpango ulipobuniwa, tathmini ya kwanza ilitarajiwa ndani ya miezi 18 tangu nchi kujiunga. Tanzania haikuwa peke yake kuchelewa, na sababu kwa kawaida ni zilezile: bajeti kutolewa kidogokidogo, kubadilika kwa wizara inayosimamia, uchaguzi kuingia katikati, na takwimu kuzeeka kabla ripoti haijakamilika. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Hojaji iliyokusanywa leo ikichapishwa baada ya miaka minne inaeleza nchi ambayo haipo tena.

Tathmini ya kitaifa inapita hatua zipi?

Hatua rasmi ni tano.

Ya kwanza ni kujitathmini ndani. Nchi inaunda baraza la taifa la usimamizi lenye wajumbe wa serikali, asasi za kiraia, sekta binafsi, wanawake, vijana na makundi mengine. Taasisi za utafiti zinapewa kazi, mara nyingi moja kwa kila eneo. Zinatumia njia nne: kupitia nyaraka na sheria zilizopo, hojaji kwa kaya, usaili wa wataalamu, na majadiliano ya vikundi. Kila njia ina kazi yake. Nyaraka zinaeleza sheria inasema nini, hojaji inaonyesha watu wangapi wameona matokeo ya sheria hiyo, usaili unaeleza kwa nini pengo lipo, na majadiliano ya vikundi yanatoa yale ambayo mtu hasemi akiwa peke yake mbele ya mtu mwenye karatasi. Ukiondoa njia moja ripoti inapinda. Ripoti zenye sheria nyingi na watu wachache ndizo zinazokaa kabatini. Hatua hii inamalizika kwa ripoti ya kujitathmini na rasimu ya mpango kazi wa taifa.

Ya pili, ujumbe wa wataalamu kutoka nchi nyingine za Afrika, ukiongozwa na mjumbe wa Jopo la Watu Mashuhuri, yaani Waafrika wanaoheshimika wanaosimamia tathmini, unakuja kuzunguka nchini na kulinganisha ripoti na hali halisi. Ya tatu, ujumbe unaandika rasimu, na serikali inapewa nafasi ya kujibu. Haina ruhusa ya kubadilisha maandishi ya Jopo. Majibu yake yanaambatishwa, na msomaji anaona pande zote mbili. Ya nne ni kikao cha wakuu wa nchi. Ya tano, ndani ya miezi sita, ripoti inawekwa hadharani na kupelekwa kwenye vyombo kama Bunge la Afrika na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Baada ya hapo, tathmini ya marudio inatakiwa kila baada ya miaka miwili hadi minne. Nchi inaweza pia kuomba ipimwe kabla ya muda huo, na tathmini inaweza kuitishwa dalili za mgogoro zikionekana.

Hakuna adhabu. Sasa inasaidia nini?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na tunalijibu kwa mifano miwili.

Kenya ilijadiliwa Banjul, Juni 2006. Ripoti yake ilieleza waziwazi mgawanyiko wa kikabila, migogoro ya ardhi na hatari ya siasa za mshindi kuchukua kila kitu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Afrika Kusini ilijadiliwa mwaka 2007, na ripoti ilitaja chuki dhidi ya wageni kutoka nchi nyingine za Afrika. Serikali ilipinga maelezo hayo. Mei 2008 ghasia zilizuka, watu 62 wakafa.

Kwa hiyo kipimo kilisoma sawasawa. Kilichokosekana ni mtu mwenye jukumu la kuchukua hatua na fungu la kuifanya. Ndiyo maana tunasisitiza mpango kazi na bajeti kuliko kurasa za uchambuzi.

Serikali kujitathmini si sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani?

Inakuwa hivyo pale baraza la usimamizi likiwa mikononi mwa serikali. Nchi zilichagua njia tofauti. Ghana, nchi ya kwanza kumaliza mzunguko, mwaka 2006, iliteua watu saba wanaoheshimika na kuwapa uhuru wa kufanya kazi bila kuongozwa na waziri. Afrika Kusini iliweka waziri kuwa mwenyekiti wa baraza, na asasi za kiraia zililalamika tangu mwanzo.

Ukitaka kujua baraza lina uhuru kiasi gani, angalia mambo haya: nani aliwateua wajumbe na nani anaweza kuwaondoa, fedha zake zinapitia fungu gani, taasisi za utafiti zilipatikana kwa ushindani au kwa barua ya uteuzi tu, na rasimu inaonwa na nani kwanza. Tungeanza na swali la fedha. Baraza linaloomba nauli ya kila kikao kutoka kwa wizara linajifunza upesi kipi cha kuandika na kipi cha kuacha.

Nani analipa?

Kila nchi mwanachama hutoa mchango wa mwaka. Kiwango cha chini cha awali kilikuwa dola 100,000 za Marekani. Gharama za ndani, yaani watafiti, usafiri, mikutano ya mikoani na uchapaji, zinabebwa na nchi yenyewe, na washirika wa maendeleo wamekuwa wakichangia. Msaada wa nje kwenye uchapaji hauna madhara makubwa. Msaada wa nje kwenye kuandaa maswali ya hojaji unarudisha mambo kulekule tulikotaka kutoka.

Kuna tofauti gani na viashiria vya kimataifa vya utawala?

Viashiria kama ule wa Transparency International kuhusu rushwa, au ule wa Mo Ibrahim Foundation, vinatoa alama na nafasi ya nchi kwenye orodha. Vinafaa kulinganisha. Havikuambii kwa nini dawa zinaisha Mbagala. APRM haitoi alama wala nafasi; inatoa maelezo, mapendekezo na mpango kazi. Tafiti za maoni kama Afrobarometer ziko katikati: zinawauliza wananchi wenyewe, na Tanzania sampuli huwa ya watu wapatao 2,400. Tumia zote, lakini usichanganye. Kuporomoka kwa nafasi mbili kwenye orodha ya dunia kunaweza kutokana na nchi nyingine mbili kupanda tu.

Na Zanzibar?

Tathmini ni ya Jamhuri ya Muungano yote, lakini vyombo vingi ni viwili: Zanzibar ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wake, ofisi yake ya mtakwimu mkuu na mamlaka yake ya kupambana na rushwa. Mtafiti anayechukua takwimu za Bara na kuziita za Tanzania anakosea, na kosa hili linajirudia mno.

Naishi Dar es Salaam. Nyaraka zipi zinaonyesha kama tunajitegemea kweli?

Anza na hotuba ya bajeti ya Juni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Tafuta kiasi cha mapato ya ndani, kisha misaada, kisha mikopo, na uweke malipo ya deni pembeni yake. Usiishie kwenye makadirio: tafuta pia kiasi kilichopokelewa kweli mwaka uliopita, kwa sababu pengo kati ya kilichoidhinishwa na kilichotolewa ndipo miradi mingi inapofia.

Ya pili ni ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kwa Ibara ya 143 ya Katiba zinakabidhiwa kwa Rais, kisha zinawasilishwa bungeni, kwa kawaida Aprili. Fungua ile ya Serikali za Mitaa, tafuta halmashauri yako. Dar es Salaam kuna tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo ndilo Ilala ya zamani, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Soma kwanza sehemu ya mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Hoja moja ikijirudia miaka mitatu, hapo pana uzembe au pana mwenye faida.

Ya tatu ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya urejeshaji na vikundi hewa, ukarejeshwa 2024. Hiki ni kipimo kizuri cha kujitegemea kwa sababu fedha ni zetu, sheria ni yetu, na wakopaji tunawafahamu kwa majina.

Kikundi chetu kinataka kuitathmini kata yetu. Tuanzie wapi?

Chagueni huduma moja au mbili. Kikundi kinachojaribu kupima zahanati, shule, maji, takataka na ulinzi kwa mkupuo mmoja hakimalizi. Njia inayofaa ngazi ya kata ni kadi ya alama ya jamii: watumiaji na watoa huduma wanaipa huduma alama kila upande peke yake, kisha wanakutana kuzijadili. Kazi inachukua wiki sita hadi nane.

Wiki ya kwanza, andikeni barua kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa Mkurugenzi wa Manispaa na wenyeviti wa mitaa. Elezeni mnapima nini, kwa siku ngapi, na kwamba matokeo yatarudi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Bila barua yenye muhuri, wakazi watawaona matapeli, na wana haki ya kuogopa.

Wiki ya pili, tafuteni viwango: kinachotakiwa kuwepo. Kwa zahanati, ni wahudumu wangapi wanaopaswa kuwepo kwa ikama (idadi rasmi ya watumishi), fedha kiasi gani ziliingia, dawa gani muhimu. Andikeni safu mbili, kinachotakiwa na kilichopo. Kadi ya stoo ya dawa itawaonyesha siku ngapi dawa fulani haikuwepo. Hesabuni siku za miezi mitatu kwa dawa tano tu.

Wiki ya tatu na ya nne, wakutanisheni watumiaji katika vikundi vya watu 10 hadi 15: wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao, watu wenye ulemavu peke yao. Kila kikundi kitaje vigezo vyake na kutoa alama 1 hadi 5, na kila alama iandikiwe sababu. Alama isiyo na sababu ifuteni.

Wiki ya tano, watoa huduma wajipe alama zao wenyewe, bila kuonyeshwa za wananchi. Hatua hii inarukwa mara nyingi, na ikirukwa mkutano wa mwisho unageuka mashtaka. Muuguzi anayejipa 2 kwenye muda wa kusubiri tayari amekubali tatizo. Kilichobaki ni kujadili chanzo.

Wiki ya sita ni mkutano wa pamoja. Mwezeshaji asiwe kiongozi wa chama wala mtumishi wa kituo. Alama zote zibandikwe ukutani, mpishane hoja, na msiondoke bila mpango kazi wa mambo matano au pungufu. Wiki zinazobaki ni za kuandika, na za kuwafuata wasiofika.

Tukitaka hojaji ya kaya, tuhoji watu wangapi?

Kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 juu au chini, kanuni inatoa watu 384. Kosa la asilimia 10 linahitaji 96 tu. Kwa kata, chukueni 96, zidisheni kwa 1.5 kwa sababu majirani hufanana majibu, mtapata 144. Ongezeni asilimia 10 ya watakaokataa au kukosekana: kama 160. Kata yenye mitaa minane inakuwa vituo viwili vya mahojiano kila mtaa, kaya 10 kila kituo. Mitaa ikipishana sana ukubwa, gaweni vituo kwa kufuata idadi ya kaya. Ukubwa wa kata hauongezi sampuli; mji wenye watu 5,383,728, kama Dar es Salaam ilivyohesabiwa kwenye sensa ya 2022, unahitaji hiyohiyo 384 ya kosa la asilimia 5, kabla ya nyongeza hizo, kama unataka jibu moja la mji mzima.

Uchaguzi wa kaya ndipo panapoharibika. Namba za nyumba za mfumo wa anwani za makazi zinasaidia, lakini nyumba moja ya uswahilini inaweza kuwa na kaya sita za wapangaji. Mkichagua nyumba na kumhoji mwenye nyumba, mmewaacha wapangaji, ambao ndio wengi. Hesabuni kaya, chagueni moja kwa kura, kisha mtu mzima mmoja ndani yake kwa kura.

Nendeni jioni na mwishoni mwa wiki. Saa nne asubuhi ya Jumanne, anayeshinda Kariakoo hayupo, na sampuli itajaa wazee na kina mama wa nyumbani. Rudini mara mbili kabla ya kubadilisha kaya. Na mjumbe wa nyumba kumi asisimame pembeni wakati wa mahojiano. Anaweza kuwatambulisha mlangoni, kisha aondoke.

Swali zuri la hojaji linakuwaje?

Linauliza tukio, si hisia. "Je, huduma za zahanati ni nzuri?" litajibiwa "nzuri tu" kwa adabu. Ulizeni: "Mara ya mwisho ulipokwenda zahanati, ulipata dawa zote ulizoandikiwa, baadhi, au hukupata hata moja?" Yafanyieni maswali majaribio kwa watu 10 wa kata nyingine kabla ya kuchapa. Maswali yasizidi 25. Baada ya dakika ishirini hivi mtu anajibu ili muondoke.

Ofisi ikikataa kutupa taarifa?

Tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwombaji awe raia. Andikeni ombi kwa maandishi, tajeni taarifa kamili mnayoitaka na kipindi chake, kwa mfano "taarifa ya mapato na matumizi ya zahanati, Julai hadi Desemba", na mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ofisi ina siku 30 za kujibu, na ikikataa inapaswa kutoa sababu. Mnaweza kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya taasisi, kisha kukata rufaa kwa Waziri. Maombi mengi yanakwama kwa sababu yameandikwa "taarifa zote za fedha", na ofisi haijui iandae nini.

Mpango kazi mzuri una nini?

Kila mstari una tendo moja, jina la cheo kinachohusika, tarehe, gharama, fungu la fedha na namna ya kuthibitisha. "Kuboresha upatikanaji wa dawa" si tendo. "Mfamasia wa kituo abandike kila Jumatatu orodha ya dawa zilizopo na zisizopo, gharama ni karatasi, kamati ya kituo ikague kila mwezi" ni tendo. Mambo yasiyohitaji fedha yawekwe kwanza, kwa sababu yakifanyika ndani ya mwezi watu wanaamini na wanabaki kwenye kazi.

Yanayohitaji fedha yafikishwe mapema. Mipango ya mwaka ujao huanza kukusanywa kutoka mitaani na kwenye kata miezi mingi kabla ya Juni, na ombi likifika Mei linakuta vitabu vimefungwa. Fanyeni tathmini kati ya Agosti na Oktoba.

Turudie baada ya muda gani?

Miezi sita kwa kadi ya alama, kwa vigezo vilevile na vikundi vya aina ileile. Msibadilishe maswali katikati hata kama mmegundua bora zaidi. Ongezeni mapya mwishoni, ya zamani yabaki. Tunzeni fomu za mwanzo kwa angalau mizunguko miwili, bila majina ya waliohojiwa, kwenye ofisi ambayo watu wawili wana funguo zake.